Kizazi cha Nane

Mama yangu, Zuurakan, alifariki kabla sijajua kuongea. Sauti yake naijua kwa rekodi moja tu, aliyoimba akiwa msichana malishoni Suusamyr, siku mkusanyaji wa nyimbo alipopita na kinasa sauti chake. Rekodi hiyo imo katika hifadhi ya nyimbo hapa Bishkek, nilikoajiriwa baada ya chuo. Kila mchana, wenzangu wakienda kula, mimi huvaa visikilizio.

Wiki ile tulikuwa tunahama mfumo wa kompyuta. Mfumo wa zamani ulitunza nyimbo katika faili za XML, kama mti: babu wa ukoo juu, ndani yake wanawe, ndani yao wajukuu, na kila mwimbaji chini ya mzazi wake. Mfumo mpya ni wa majedwali. Kila mtu ana mstari wake, na mstari unamjua mzazi wake tu, basi. Kaka Tursunaly, mkuu wangu, alikuwa ameandika programu ya kugeuza maswali ya zamani kuwa ya SQL, lugha ya majedwali. Ijumaa jioni faili za zamani zingefutwa, na rekodi yoyote ambayo maswali mapya hayakuileta ingepotea nazo.

Alhamisi niliuliza swali langu la kila siku kupitia programu hiyo: anzia kwa babu Eshim, shuka hadi popote, niletee Zuurakan.

Jibu likaja tupu.

"Kaka, mama hayumo."

"Umekosea jina. Nyie wa chuo mnaandika kama mnafukuzwa na mbwa."

"Jina la mama yangu nikosee?"

Akasogeza kiti, kipande cha kurut, jibini lile kavu, kikiwa bado shavuni, tukasoma pamoja SQL iliyotoka. "Shuka hadi popote" ilikuwa imegeuzwa kuwa jedwali lililounganishwa na lenyewe, mtoto kwa mzazi, tena na tena, kila muungano ukishuka kizazi kimoja. Nikahesabu kwa kidole.

"Kaka, mbona umeunganisha mara saba?"

"Swali gani hilo? Kwenu utotoni ulikaririshwa majina ya baba wangapi wa ukoo?"

"Saba."

"Sasa je!" Kisha akajisikia alivyosema, akashika kichwa. "Mungu wangu. Babu alinikaririsha hao saba kwa fimbo. Mkono umeandika wenyewe."

Mama ni wa nane chini ya Eshim; programu iliishia kwa wa saba.

"Haya, naongeza kizazi kimoja, usilie."

"Na mtoto wake je? Mimi ni wa tisa, kaka."

Akanitazama, akafuta sehemu hiyo yote ya programu.

Tulianza upya. Tuliupitia mti mzima, kila mtu tukampa namba mbili: moja ya kuingia kwake, nyingine ya kutoka, baada ya watoto wake wote kupita.

"Kama hemani," alisema Tursunaly. "Aliyeingia nyuma yangu na kutoka kabla yangu, huyo ni wangu. Hata awe kitukuu cha kitukuu."

Ijumaa mchana Zuurakan alikuja, na nyuma yake majina mengi ambayo hatukujua kama yamekosekana. Tursunaly hakwenda kula.

"Nisikilize na mimi, mdogo wangu?"

Nikampa upande mmoja wa visikilizio. Mama aliimba beti mbili, akakatiza. "Ngoja, ndama katoka!" akasema huku akicheka, na miguu yake ikasikika ikikimbia. Baada ya hapo ni upepo tu, mkusanyaji hakuzima.

"Imeisha?" Tursunaly alinong'ona.

"Bado," nikamwambia. Huwa nasikiliza hadi mwisho. Huenda akarudi.