Machozi ya Tukio la Tisa

Phyllis alikuwa amepiga ukunga mara tano tangu asubuhi, na macho yake yalikuwa makavu kama kuni za darini. Muriuki, mwelekezi wa filamu, alisimama kando ya kamera katika shamba la chai huko Kimulot, akajikuna kidevu.

"Mama, hili ni tukio la tisa: umeambiwa mwanao amefariki. Tupa kikapu, anguka, lia."

"Nimesikia, mwanangu."

"Huyu hata kitunguu kingemchoka!" alisema Sellah, aliyeigiza jirani mleta habari. Wabeba vifaa wakacheka. Phyllis naye akatabasamu, kwa adabu.

Wageni hawa kutoka mjini hawakujua kwamba hakuikubali kazi hiyo kwa kutafuta sifa. Mwaka uliopita, jirani wa kweli alimjia katika mistari hii hii ya chai, akamwambia kwamba Kiplangat, mwanawe, hayupo tena. Phyllis alisikia, akaendelea kuchuma hadi kikapu kikajaa, maana lori la majani lilikuwa njiani. Matangani watu walinong'ona. Yeye mwenyewe alilingoja chozi siku baada ya siku; halikuja. Alipoambiwa kuna filamu ambamo mama analia, aliwaza kwamba huenda humo, kwa kuamrishwa, lingetoka.

"Hii ndiyo mara ya mwisho," Muriuki alisema. "Usiigize, mama. Fanya vile wewe ungefanya."

Kamera ikawashwa. Sellah akaja, akasema maneno yake. Phyllis akamtazama, akaitikia kwa kichwa, akaurudia mchai. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Jani gumu likaingia mkononi. Akalitupa, kwa sababu karani wa kituo cha kupimia chai huyakataa majani magumu. Hakuna aliyecheka. Sellah, ambaye hakupangiwa kulia, alikuwa akilia.

"Kata!" Muriuki alisema kwa sauti ndogo. "Hapo sasa. Tumemaliza, mama."

"Lakini sijalia."

"Haihitajiki tena."

"Turudie mara moja tu, mwanangu. Nitaanguka vizuri."

"Jua limehama, mama. Asante sana."

Wakaanza kukunja nyaya. Sellah akamshika mkono, akaomba radhi kwa maneno ya kitunguu. Phyllis akamjibu kwamba si neno.

Kisha akachungulia kikapu chake. Kilikuwa nusu. Akarudi mstarini akijaze kabla lori halijafika.