Kizimba cha Kilima cha Vuhovi

Waya ulikuwa mzima, vigingi vimesimama, lakini ndani ya kizimba hamkuwa na nyasi. Zilikuwa zimeng'olewa hadi kwenye udongo, na konani mtu ameweka kopo la maua ya manjano. Nilizunguka pale kama kuku aliyepoteza vifaranga. Ng'ombe gani huyo anayeruka waya, anakula, kisha anaacha maua?

Mimi ni Kapinga, mtu wa Kananga, afisa wa kilimo niliyetumwa Butembo. Mwaka huo kilima kile cha malisho, upande wa Vuhovi, kilikuwa kinangoja hukumu: kibaki cha ng'ombe au kipandwe mikaratusi. Ng'ombe walikuwa wa Mama Virginie, mjane, na bila kilima hicho angelazimika kuwauza wote. Kazi yangu ilikuwa kuzungushia waya kipande kimoja ng'ombe wasikifikie, kuacha nyasi ziote, kisha kuzikata, kuzikausha na kuzipima, ijulikane kilima kinazaa kiasi gani. Hii ilikuwa mara ya pili kukuta upara. Nikipeleka upara ofisini, mkubwa wangu ataamua mikaratusi.

Niliwaza wachawi, niliwaza maadui wa Virginie. Hata mwenyewe nilijishuku, maana tangu Urbain apotee kichwa changu hakikuwa kizuri. Urbain, mume wangu, alikuwa askari. Aliingia na wenzake msituni nyuma ya mji wa Beni, wenzake wakarudi. Sikuletewa mwili, wala kofia.

Asubuhi moja nilipanda bila kumwambia mtu. Nikamkuta Mama Virginie amepiga magoti, mkono umepita juu ya waya, anang'oa nyasi.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Tulisikia bwana yako alibakia kule Beni, na mwili haikuonekana. Kisha tukaona unamujengea kaburi huku. Ile siku ulilia, mama. Majani kupanda juu ya kaburi ya mutu, ni haya kubwa. Na weye uko mugeni, nani atakusaidia?"

Ni kweli, siku ya kufunga waya nililia. Nililia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniona, au ndivyo nilivyodhani.

Nikamweleza yote: kupima, mikaratusi, ng'ombe wake. Alisikiliza, mikono imejaa udongo.

"Donc ni miye nilikuwa nafukuza ngombe yangu?" Alicheka, akajiziba mdomo. Kisha akauliza polepole, "Mais sasa, bwana yako iko wapi?"

Nilitazama upande wa Beni.

Tulijenga kizimba kingine upande wa pili wa kilima. Nyasi zikafika magotini, nikazipima, ng'ombe wakabaki. Kile cha kwanza nilitakiwa kukirudisha ghalani. Hakijarudi mpaka leo. Jumamosi nikipanda, Mama Virginie huwa ametangulia, na tunang'oa pamoja bila maneno mengi. Sijui ninamsafishia nani. Ila kopo likikauka, mimi ndiye ninayeongeza maji.