Masaa ya Mchana pale Wendo Bar

Siku zile Kawangware ilikuwa bado inanuka ng'ombe. Ukitoka hapo sokoni ukielekea Riruta, mahindi yalikusindikiza kushoto na kulia, na katikati ya mahindi hayo watu walikuwa wamejenga ploti za mbao: vyumba kumi vimetazamana na vyumba kumi, mfereji mbele, choo nyuma, na maneno kila mahali. Kwenye ploti ya mzee Gachanja, vyumba viwili vya mbele vilitolewa ukuta wa kati vikawa baa. Baa iliitwa Wendo, na mwenye Wendo alikuwa Mumbua.

Mwaka huo wa sabini na tatu hakuna mtu aliyejiita mtu wa Kawangware bila kukaa Wendo. Mafundi viatu, makarani, dereva wa lori la mchanga, hata yule dakitari wa mifugo aliyesema hanywi, anakuja kusikiliza redio tu. Bia ilinywewa moto, vile mwanamume anapaswa kunywa bia. Na kama kulikuwa na habari yoyote kati ya Dagoretti na Laini Saba, ya nani kaoa, nani kafutwa kazi, nani kaonekana akitoka mlango gani, ilifika kwanza kwa kaunta ya Mumbua ndipo ikamfikia mwenyewe. Mumbua alipenda nyumba ijae. Kiti kimoja kikikaa wazi, alikitazama kama jino lililong'oka.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa amekaa Wendo hata siku moja, na mtu huyo alikuwa bwana yake.

Nyamai alikuwa soja wa usiku huko Lavington, akilinda geti la Mzungu wa majani chai. Leseni ya Wendo ilisema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni, ifungwe saa tano. Saa kumi na nusu Nyamai alikuwa ameshavaa koti, amekamata rungu na tochi, ameondoka. Saa moja asubuhi alirudi, akanywa uji, akalala. Alipoamka saa sita, Mumbua alikuwa anaosha gilasi na baa imefungwa kufuli kwa amri ya serikali. Basi mume na mke walionana kama watu wa zamu: mmoja anaingia, mwingine anatoka, "umekula?", "nimekula." Mwanamume mwenyewe hakuwa wa maneno mengi. Ukimwuliza habari za kazi, alisema, "Ni sawa." Miaka minne, ni sawa.

Usiku wa Jumamosi, Wendo ikiwa imefurika, Mumbua alitazama vile viti vyote na wanaume wote wa wenyewe waliovikalia, na roho ikamwuma.

Ndipo akaenda kuomba nyongeza ya masaa. Tangazo lilibandikwa ukutani kwa ofisi ya chifu: Mumbua wa Nyamai anaomba kufungua baa yake pia kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, siku za kazi. Mwenye pingamizi alete.

Pingamizi lilikuja siku hiyo hiyo, limefunga kitambaa cha kichwa. Lilikuwa la Wacera, mke wa Gachanja, mama ploti mwenyewe. Alimkuta Mumbua kwa mfereji.

"Mama Nzembi, nimeona karatasi yako."

"Karibu, Mama Chege."

"Usinikaribishe, niko kwangu. Nauliza tu. Mchana! Watoto wakitoka shule kula wapite hapo wakiona watu wamelala kwa mtaro?"

"Kwangu hakuna mtu hulala kwa mtaro. Huwa wanaenda kulala kwa wenyewe."

Akina mama kwenye foleni ya maji wakaangua kicheko. Wacera hakucheka. "Tutaonana mbele ya kamati," alisema, akajitwika mtungi wake bila kusaidiwa.

Mumbua alijua kamati inataka mashahidi. Akaongea na Nyamai, Nyamai akaongea na wenzake. Pamoja naye walikuwa wanane, wote masoja wa usiku, wote watu wa Machakos na Kitui isipokuwa mmoja. Muia, aliyekaa Laini Saba huko Kibera, aliapa atakuja kwa miguu. "Tumechoka kunywa chang'aa ya kujificha asubuhi kama wezi," alisema. "Sisi ndio tunalinda wezi wasiingie!" Wakakubaliana: siku ya kusikizwa, saa tatu asubuhi, wote wafike ukumbini moja kwa moja kutoka kazini, ili mtu asipitiwe na usingizi nyumbani.

Hapo ndipo walipokosea, na hilo ni kosa ambalo soja peke yake angeweza kulifanya.

Ukumbi ulikuwa na joto. Mabati juu, jua limeshapanda, na kamati ikaanza na mambo ya wengine: mtu wa bucha anataka leseni, mtu wa hoteli anataka kuuza chai mpaka usiku. Masoja wanane walikaa kwa benchi la nyuma, migongo imenyooka, makoti mazito yamefungwa vifungo vyote. Kwa mtu wa bucha walikuwa wanasikiliza. Kwa mtu wa hoteli Muia akaanza kuinamia bega la jirani. Jina la Mumbua lilipoitwa, benchi zima lilikuwa limelala. Na hawakulala usingizi wa adabu. Mmoja alikoroma kama lori la mchanga likipanda mlima, mwingine akamjibu, na Nyamai, baba wa watu, alikuwa amefungua mdomo unaweza kuweka kiazi.

Mwenyekiti, bwana mnene mwenye miwani, akainua kichwa. "Mama, una mashahidi?"

Mumbua akageuka. Akatamani sakafu immeze. "Niko nao, mheshimiwa. Ni... ni hao."

"Hao?" Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena. "Hii ni saa ngapi? Saa nne haijafika. Na watu wako wamelewa hivi, hata masaa ya mchana hujapewa?"

Ukumbi ukapasuka. Mtu akapiga kelele, "Wapewe kitanda, si leseni!" Mumbua akaanza kusema yale aliyokuwa amekariri, kwamba analipa kodi, kwamba baa yake ni safi, lakini maneno yalizama chini ya kicheko. Mwenyekiti alikuwa tayari amekamata kalamu. Mumbua aliona ile kalamu ikishuka, akajua kwamba mambo yamekwisha.

"Ngoja kwanza!"

Alikuwa Wacera. Alisimama na Biblia kwapani na kile kitambaa chake cha kichwa, na watu wakanyamaza, maana walijua yeye ndiye pingamizi.

"Mimi nimekuja kukataa haya masaa," alisema, "na bado nakataa. Lakini uongo mbele ya watu sitaki. Hawa hawajalewa. Mimi hukama ng'ombe asubuhi, nawaona kila siku wakitoka Lavington na umande kwa makoti. Hawajalala tangu jana. Kama kuna mtu haamini, aende awanuse."

Karani kijana wa kamati akaenda kweli. Akainama kwa Muia, akanusa. Akanusa kwa Nyamai. "Moshi wa kuni, mheshimiwa," akasema. "Na soksi."

Kicheko kilikuja tena, lakini sasa kilikuwa kicheko kingine. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Mama Mumbua, nieleze vizuri. Wateja wa jioni unao, wamejaa, tumesikia. Mchana unatafuta nini?"

Ile hotuba ya kodi ikamtoka Mumbua kichwani yote. "Mheshimiwa, yule wa katikati, mwenye mdomo wazi, ni bwana yangu."

"Pole," mtu akasema kutoka nyuma.

"Miaka minne nimefungua baa. Wanaume wote wa Kawangware wamekaa kwa viti vyangu, nawajua kwa majina, najua nani anachekea nini. Wangu hajawahi kukaa. Nikifungua, anaenda. Akirudi, nimefunga. Mimi sijui hata anapenda bia gani."

Hapo hapakuwa na mtu wa kucheka. Wacera alikuwa bado amesimama, anamtazama Mumbua kama mtu aliyeona nguo yake imeanikwa kwa kamba ya jirani.

"Mama Chege," mwenyekiti akauliza, "na wewe pingamizi lako ni hao watoto wa shule?"

Wacera akahamisha Biblia kwapa la pili. "Watoto wapo," akasema. "Lakini ukitaka ukweli, ni Gachanja. Tangu ajenge ploti hana kazi nyingine. Mchana ananichungia ng'ombe, anakata nyasi, ananipigia hadithi jikoni, kwa sababu baa imefungwa. Huo mchana ndio wangu. Jioni nilishampatia huyu mama. Sasa anataka na mchana?"

Wanawake wawili wakatazamana katikati ya ukumbi. Mumbua alikuwa amekaa kwa ploti ya huyu mama miaka yote hiyo akimdhani ana roho mbaya.

Kamati ikainamiana, ikanong'ona, karani akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe mwenyekiti akasoma: masaa ya mchana yamekubaliwa, saa sita hadi saa tisa, kwa wafanyakazi wa usiku peke yao, kila mmoja awe na barua ya mwajiri wake. Akionekana mtu wa mchana ndani, hata mmoja, nyongeza imekwisha.

Masoja walikuja kuamshwa na Mumbua mwenyewe. "Tumeshinda?" Nyamai akauliza, akipangusa mdomo.

"Mmeshinda kwa kukoroma," Mumbua akamwambia.

Jumatatu iliyofuata, saa sita kamili, Mumbua alifungua mlango. Jentrix, msichana wa kaunta kutoka Kakamega, alikuwa amepangusa meza mara tatu. Na mteja wa kwanza, mbele ya masoja wote, akawa mzee Gachanja, amechana ndevu, ana barua mkononi.

"Soma," akasema.

Mumbua akasoma. Barua ilithibitisha kwamba Bwana Gachanja ameajiriwa kama mlinzi wa usiku katika ploti ya Bwana Gachanja. Sahihi: Bwana Gachanja. Na chini, muhuri ule wa risiti za nyumba.

"Ai, Baba Chege!"

"Barua iko ama haiko? Sheria imesema barua."

Jentrix alikuwa ameshatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Haukupita muda Wacera akaingia, mara yake ya kwanza kukanyaga Wendo. Akaisoma barua yote, polepole, akaikunja, akaiweka kwa kifua.

"Ni barua ya kweli," akasema. "Nimefurahi sana. Nilikuwa nataka soja wa hiyo ploti tangu zamani. Baba Chege, kazi inaanza leo saa kumi na mbili jioni, pale kwa geti. Nitakuletea blanketi. Kwanza lakini, ng'ombe."

Watu wa ploti bado wanasema Gachanja alilinda usiku mbili nzima, kwa baridi ile ya usiku inayoingia mpaka kwa mfupa, na siku ya tatu akajiandikia barua ya kujifuta kazi. Wacera akaiweka pamoja na ile ya kwanza.

Nyamai alifika saa sita na robo. Chumba chao kilikuwa nyuma ya baa, hatua nne tu, lakini alizunguka ploti nzima aje kwa mlango wa mbele kama wateja wengine. Alikuwa amevaa koti la harusi. Alisimama mlangoni, akatazama redio, viti, kalenda ukutani, kama mtu aliyefika nchi ya kigeni.

"Mama, kuna nafasi?"

"Tafuta," Mumbua akasema.

Akachagua kiti cha karibu na dirisha. Akaomba pilsner, moto. Mumbua akajua: pilsner. Wenzake wakaingia mmoja mmoja na barua zao, Muia jasho likimtiririka kutoka Kibera. Ikafika chupa ya pili, na hapo Nyamai akaegemea nyuma, akasema, "Nyinyi mnajua yule mama wa nyumba ya pili, mwenye mbwa watatu?"

Na akaanza.

Mumbua aliacha kitambaa mkononi. Huyu mwanamume wa "ni sawa" alimwiga mama wa mbwa, akamwiga mbwa, akamwiga balozi wa nchi fulani aliyepanda ukuta na viatu mkononi saa nane za usiku baada ya kukuta geti limefungwa. Miaka minne alikuwa amesimama gizani Lavington na macho wazi, anaona kila gari, kila taa, kila mlango, na yote alikuwa ameyaweka tumboni akingoja kiti na watu. Muia alicheka mpaka akakamata meza. Jentrix alikuwa amekaa chini. Na Mumbua, aliyejisifu kwamba hakuna habari inampita kati ya Dagoretti na Laini Saba, akajua kwamba mbea mkubwa kuliko wote Nairobi amekuwa akilala kitandani kwake.

"Sasa balozi yuko juu ya ukuta," Nyamai akasema, "mbwa watatu chini, na taa ya chumbani inawaka..."

"Saa tisa," Jentrix akasema kwa huzuni.

Sheria ni sheria. Mumbua akawatoa wote, akafunga kufuli. Masaa yale ya mchana yalidumu miezi kumi na saba, mpaka kanuni zikabadilishwa na barua za waajiri hazikuwa na kazi tena, na hata leo kuna wazee huko Kibera na Kawangware ambao ukiwatajia Wendo mchana, wanatazama pembeni na kutabasamu peke yao. Lakini siku ile ya kwanza hakuna aliyefikiria mwisho.

Saa kumi na nusu Nyamai akavaa koti la kazi, akakamata rungu na tochi.

"Ngoja," Mumbua akasema. Akajifunga leso, akamwachia Jentrix ufunguo wa chumba. "Nakusindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka balozi ashuke."

Wakatembea pamoja katikati ya mahindi, na balozi hakushuka haraka, maana Nyamai hakutaka ashuke. Walipita soko, wakapita kanisa, na karibu na miti ya kwanza ya Lavington watu waliokuwa wakitoka kazini walimwona mama mzima wa baa amekaa kando ya barabara, ameshika mbavu, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Aliporudi, saa kumi na moja ilikuwa imepita kitambo. Mafundi, makarani, dereva na yule dakitari wa mifugo walikuwa wamesimama mbele ya kufuli kama wafiwa.

"Mama Nzembi!" dereva akalalamika. "Leseni inasema saa kumi na moja!"

"Inasema," Mumbua akajibu, akitafuta funguo taratibu. "Nilikuwa na mteja."