Chakula Kisichoruhusiwa Kusimama

Mwaka uliofuata uhuru, Leta, yaani serikali mpya, ilitangaza sokoni Rumonge kwamba itawakopesha wenye biashara ya chakula kinachotembea. Zuwena, mjane aliyekuwa akipika bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese nyuma ya msikiti, aliomba akapata. Haikuchukua muda akawa na mkokoteni wa kijani wenye magurudumu ya baiskeli, na jiko la makaa katikati.

Siku ya kwanza aliuegesha karibu na ziwa, akafunua sufuria. Hajamaliza kumpakulia mteja wa kwanza, akatokea Modeste, kijana wa ofisi ya mikopo, tai imemkaba koo kama jogoo anayepelekwa sokoni.

"Amahoro, Mama Zuwena. Mbona umesimama?"

"Ninauza, musiyo."

"Leta ilikopesha chakula kinachotembea. Kikisimama kinakuwa hoteli, na hoteli iko na kredi yake, kule Bujumbura."

Zuwena alimtazama usoni akitafuta mzaha, asiuone. "Sasa mutu atakula namna gani?"

"Atatembea nacho."

"Na nikisimama?"

"Mkokoteni unarudi ofisini."

Zuwena aliona serikali changa ni kama mtoto mchanga, ukiigombeza ndiyo inazidi. Akashika mikono ya mkokoteni, akasukuma.

Wateja nao wakafuata. Wavuvi, wachuuzi wa mawese na mshona viatu walitembea sahani mkono mmoja, tonge mkono wa pili, mchuzi ukimwagikia kisigino cha aliye mbele. Mzee Abdulhamid, ambaye magoti yalikuwa yamemchoka, alikaa kibarazani kwake akangoja mkokoteni uzunguke mtaa. Kila ukipita alipata tonge moja, na chakula chake cha mchana kikaisha alasiri. Modeste alifuata nyuma, macho kwenye magurudumu.

Jandarume mmoja, askari wa doria, alipoona umati ule unapita kwa mpango, aliwazuia barabarani. "Nyinyi ni chama gani?"

"Sisi tunakula tu, afande," alisema mshona viatu, na bila kukusudia aliendelea kupiga hatua pale pale alipo.

Jandarume aliwatazama kwa shaka, kisha akaomba ndagala, akatembea nao mpaka mwisho wa mtaa.

Zuwena alikuwa akirudi nyumbani miguu imevimba, analala bila kuvua kilemba. Juma la pili, kwenye mteremko wa kwenda ziwani, mikono ilimlegea. Mkokoteni ukamponyoka. Wateja walikimbia pembeni yake, wengine bado wanachovya, hadi ulipoingia majini na jiko likazimika kwa sauti ya nyoka. Feruzi, shemeji yake mvuvi, aliuopoa akaupakia kwenye mtumbwi wake uliofungwa kwenye kigingi.

Modeste alifika anahema. "Basi, mama. Imekwisha."

Zuwena aligeukia ziwa. Alikuwa anauangalia mtumbwi. Mawimbi madogo yaliuinua, yakaushusha, yakauinua tena.

"Musiyo, huu umesimama?"

Modeste aliinama akachungulia upande huu na ule. Mwishowe aliingia, akaketi. Mawimbi yakampandisha, yakamshusha. Uso ukabadilika rangi.

"Haujasimama," alisema, mkono mdomoni.

"Ngojea kidogo uhakikishe."

"Unatembea, mama. Unatembea sana." Akatoka akikimbilia kwenye matete.

Tangu hapo Zuwena alipika ameketi kwenye kigoda ndani ya mtumbwi, na wateja walikaa kwenye mchanga wakipokea sahani. Siku za mwanzo hawakujua miguu waifanyeje. Mshona viatu aliitikisa hadi aliposhiba. Biashara ilikua, watu wakaja kutoka Minago na Kigwena, na Zuwena akalipa mkopo wote.

Kabla hajamaliza kuulipa, mkubwa mmoja alishuka kutoka Bujumbura kuja kukagua. Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye bakuli, na mtumbwi umeganda. Zuwena alimwona Modeste akipauka. Kisha kijana alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini hadi kiunoni na tai yake ile ile, akashika ukingo wa nyuma wa mtumbwi na kuanza kuutikisa taratibu. Mkubwa alikula sahani mbili, akasema kweli hiki kinatembea. Modeste aliendelea kutikisa mpaka gari la mkubwa lilipopotea kwenye michikichi, na Zuwena akampakulia huko huko majini.