Guaria Juu ya Ukuta

Fidelina alikuwa ameshang'oa safu tatu za vigae vilivyofunika ukuta na kuvipanga chini kimoja kimoja, vizima upande huu, vilivyovunjika upande ule. Ukuta wa udongo uliotenga ua wake na ua wa Zeneida ulikuwa umechakaa, lakini si uchakavu uliomtia mtaimbo mkononi. Alitaka ukuta wa saruji, mrefu kumpita mtu, asahau kabisa kwamba ana jirani.

Miaka tisa nyuma, Zeneida alimpa chipukizi la guaria, okidi ya zambarau. Kosta Rika nzima inajua kwamba ukipewa mmea hutakiwi kushukuru; ukishukuru, hautachanua. Fidelina alilijua hilo tangu utotoni, ila siku ile neno lilimponyoka kwa furaha.

"Ahsante, jirani."

Zeneida alishika kichwa. "Umeshaiua, mwanamke wewe, kwa mdomo wako!"

Pengine ulikuwa utani. Fidelina hakupata kuwa na hakika. Mwaka ukapita bila ua, na wa pili, na kila Machi, msimu wa guaria kuchanua, Zeneida alimuuliza mbele ya watu, mlangoni mwa kanisa, "Vipi mgonjwa wetu?" Mwaka wa tatu Fidelina aliitupa guaria juu ya ukuta. Tangu hapo hawakusemezana.

Sasa alivuta kigae cha safu ya nne, kikagoma. Mizizi minene, myeupe, ilikuwa imekumbatia vigae vitano kwa pamoja. Akapanda ngazi hatua moja zaidi, akachungulia. Guaria ilikuwa imechanua, maua yote yameelekea kwa Zeneida.

Alibaki pale pale, mtaimbo mkononi, akiyatazama.

"Ni kumi na moja," sauti ikasema kutoka chini. Zeneida alikuwa akianika nguo. "Usihangaike kuhesabu. Jumatatu yalikuwa manne."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ungenisikiliza?"

Fidelina alilifikiria swali hilo. Asingemsikiliza.

"Umekuwa ukiimwagilia?"

"Hata tone. Hiyo haitaki kubembelezwa. Imefanana na mwenyewe."

Fidelina akajikuta anacheka. Alikuwa amesahau jinsi mtu huyu anavyosema. Kisha neno likampanda kooni, lile lile la miaka tisa nyuma. Zeneida naye aliliona likija. Akainua kibanio cha nguo kama anayefukuza kuku.

"Fidelina! Thubutu!"

Fidelina akafumba mdomo, akalimeza.

Zeneida akaanika shuka, akalinyoosha pembe.

"Ukivunja hapo, inakufa," akasema bila kugeuka. "Mizizi hiyo haibanduki."

"Naiona."

"Na ukuta wako wa saruji?"

Fidelina alitazama safu tatu zilizobaki wazi, kisha rundo la vigae vilivyovunjika. Jua lilikuwa limeshapanda.

"Leo nimechoka. Kesho nitarudisha vigae, ila havitatosha."

"Mimi ninavyo vya zamani, nyuma ya jiko. Pitia mlango wa mbele, kama mtu." Zeneida akaokota beseni lake. "Na ukinishukuru, nakutupia kimoja."

Fidelina akashuka, akauegemeza mtaimbo ukutani, akaiacha ngazi pale pale iliposimama.