Geuza Mkono

Shuka lilikuwa zito kwa maji. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumelishika katikati ya ua, kila mmoja na ncha zake, tumetazamana. Nikazungusha. Naye akazungusha. Shuka likazunguka lote hewani, likaendelea kuzunguka, wala halikudondosha hata tone.

"Dada, geuza mkono," aliniambia.

Nikajifanya sijasikia.

Tulimwita Shoto tangu utotoni, kwa sababu ya ule mkono wake wa kushoto uliofanya kila kitu, kula, kuandika, kurusha mawe na kuomba msamaha. Watu wawili wa mkono wa kulia wakishika nguo nzito na kuzungusha, nguo hujisokota na maji yakatoka yenyewe. Mpe mtu wa kushoto ncha ya pili uone. Yeye huzungusha kinyume, na nguo inageuka tu, imeshiba maji yake. Lazima mmoja wao akubali kubadilisha mkono, na nyumbani kwetu aliyekubali alikuwa mama. Alikuwa akifua nguo za watu, hasa mashuka ya nyumba za wageni. Shoto alikamua naye, mimi nikaanika. Kwa ajili ya mtoto yule mama alijizoesha kukamua kwa kushoto mpaka mikono yake ikasahau njia nyingine. Jirani alipomtania kwamba mtoto ndiye anamlea yeye, mama alicheka. "Huyu hajui kugeuza," alisema. "Mimi najua."

Siku ile uani mimi nilijua kugeuza, ila sikutaka.

Nyumba tuliyokuwamo ilikuwa ya kanisa. Iliwapokea watu wa kulala nje, waliotekwa na unga wa kulevya au pombe, wanaume kwa wanawake. Zamani ilikuwa ghala la mbao, na jua likiwaka kuta bado zilitoa harufu ya msonobari. Wanaume walilala juu, wanawake chini, na katikati ulikuwa ua wenye kamba za kuanikia. Asubuhi tuliimba, mchana tulifanya kazi, jioni tulisoma Neno. Lango halikufungwa mchana, kwa kuwa Mchungaji alisema Mungu hana wafungwa. Aliyetaka kuondoka aliruhusiwa, kwa sharti moja tu: afue mashuka aliyolalia, ayaanike, angoje yakauke, kisha ayakunje na kuyaweka kitandani kwa ajili ya mgeni atakayefuata. Hapo ndipo aliporudishiwa viatu vyake na kuombewa safari njema.

Ukilisikia sharti hilo utadhani ni la usafi. Sote tulijua si la usafi. Hamu ya unga hupanda, mtu akaona anakufa, halafu hushuka. Wengi walianika mashuka wamekunja uso, na kabla hayajakauka ukawakuta jikoni wanamenya viazi, hawataki kumwangalia mtu machoni. Mama Sabuni, aliyesimamia ufuaji, mwanamke mnene aliyepitia humo humo kabla yetu, alikuwa na msemo wake kwamba mvua imeokoa watu wengi kuliko mahubiri. "Ila msinipelekee maneno kwa Mchungaji," aliongeza kila mara, na Mchungaji alikuwa amekwisha kuyasikia siku nyingi.

Lakini Shoto alichagua siku ya kiangazi. Hapakuwa na wingu hata la dawa.

Tuliingia Nyumba ile pamoja, kama tulivyofanya mambo yote. Yeye ndiye aliyeanza kuvuta. Mimi nilikwenda kumtoa huko, nikakaa. Tuliuza vyetu, vikaisha. Tukauza vya mama, vikaisha. Mwishowe tukaingia kwenye kamba yake na kubeba mashuka ya wateja, yakiwa bado na unyevunyevu. Wateja wakamkimbia mama mmoja baada ya mwingine. Hakutupiga, hakutulaani. Alibadilisha kitasa, basi. Tukahamia kwenye baraza za maduka nyuma ya soko, tukalala juu ya maboksi, tukanuka, tukawa watu ambao wapita njia huwaruka bila kuwatazama.

Tulipokwisha kuvuka arosto, yale maumivu ya kuacha unga yanayokunja mifupa, Mchungaji alikwenda kuzungumza na mama. Akarudi na jibu ambalo hakulipunguza hata neno. "Wakimaliza, waje wote wawili. Mmoja simtaki. Nikimfungulia mmoja mlango, mwenzake atafunguliwa dirisha."

Mama alikuwa anatujua. Nililia kwa furaha niliposikia maneno hayo, kwani yalikuwa na mlango ndani yake. Tangu siku hiyo sikujiangalia mimi mwenyewe tena. Nilimwangalia Shoto. Nilimhesabia matonge anayokula, nikamsikiliza kama anaimba au anachezesha midomo tu. Akisimama, nyumbani kwetu kupo. Akianguka, hakuna.

Ndiyo maana nilipomwona anashuka ngazi asubuhi ile, amekumbatia mashuka yake, niliacha kazi nikamfuata. Wanaume na wanawake hatukuruhusiwa kupiga soga, lakini kwenye kamba Mama Sabuni alikuwa na kawaida ya kupata uziwi.

"Leo si zamu yenu ya kufua," nilimwambia.

"Nimepona, dada."

"Aliyepona hakimbii."

Akalowanisha shuka, akalisugua kwa nguvu kana kwamba lina doa. "Haya, sijapona. Humu ndani siwezi tena. Nikifumba macho naona unga, nikifumbua naona unga. Mnapoimba, mimi naimba huo huo."

"Mama anatungoja."

"Najua. Usinitajie mama."

Hapo ndipo tulipolishika lile shuka, na hapo ndipo nilipokataa kugeuza.

"Mama hugeuza," alisema.

"Mimi si mama."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tuingie, na kwa muda mfupi nilidhani nimemshinda. Lakini aliyachukua mashuka vile vile, yanachuruzika, akayatupia kambani na kwenda kuketi ngazini kuyangoja.

Nikaanza kazi yangu. Kwanza niliyasogeza kwenye kivuli cha ukuta. Kisha kila nilipopita na nguo nilichovya mkono ndooni na kuyarushia maji, huku na huku, kama anayefukuza nzi. Ndoo ilipoisha nilikwenda kuijaza, na niliporudi nilikuta nyingine imejaa pomoni chini ya kamba yake, na Mama Sabuni anaondoka zake bila kugeuza shingo. Nikaomba. Nilikuwa nimepiga magoti mara nyingi katika Nyumba ile, mara nyingi kwa ajili ya macho ya watu, ila siku hiyo niliomba kweli. Sikuomba Shoto aokoke. Sikuthubutu kuomba kikubwa namna hiyo. Niliomba wingu moja, lije lisimame juu ya ua, nikamwahidi Mungu mambo ambayo hakuna mtu anayeyaweza.

Mchungaji alikuja akaketi na Shoto ngazini. Hakufungua Biblia. Alimletea sahani ya chakula, nayo ikapoa katikati yao.

Na langoni kulikuwa na yule mtu. Nyumba ilikuwa imejaa, kitanda kilipatikana pale tu mtu alipomaliza au alipoondoka, na kwenye benchi la nje aliketi fundi saa aliyekuwa akija kila asubuhi kuulizia nafasi. Pombe ilikuwa imemla mpaka vidole. Chai aliyopewa aliiweka juu ya benchi akaiinamia kunywa, kwa kuwa kikombe hakikukaa mkononi. Siku nyingine akiambiwa hapana nafasi aliaga na kuondoka. Siku hiyo aliona mashuka kambani, akaelewa, akabaki. Aliyatazama tu yale mashuka, nami nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Jua lilipoanza kulegea, nguo zote za ua zilikuwa zimekauka isipokuwa za Shoto. Ndipo fundi saa alipodondoka kutoka kwenye benchi. Alianguka kwa upande, mwili ukamtetemeka, povu likamtoka. Mchungaji na wengine walikimbia wakamgeuza ubavu, wakamfungua kola. Baadaye alikaa tena, ametota jasho, anawaomba radhi kwa usumbufu.

Shoto akaja kambani. Akaligusa shuka.

"Unayamwagia maji."

"Ndiyo. Na nitayamwagia mpaka kesho."

"Yule pale akilala nje leo, hafiki asubuhi."

"Na wewe ukilala nje?"

"Mimi nimezoea."

"Usinifanyie hivyo, Shoto. Usimfanye yule mlevi kuwa sababu. Unataka unga, sema unataka unga."

Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nataka unga," alisema. "Na yule pia anakufa. Yote mawili ni kweli, dada. Ungetaka nikuchagulie lipi?"

Alilivuta shuka kutoka kambani, akanipa ncha. "Shika."

Nikashika. Nikazungusha kwa kulia, kwa ukaidi ule ule, nikijua litazunguka bure. Ndipo nikaona mkono wake wa kushoto umelegea na wa kulia umekaza. Alizungusha kwa kulia, polepole, kwa taabu, ameuma mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Shuka likajisokota. Maji yakamwagika miguuni petu. Yeye ambaye hakuwahi kugeuza mkono tangu azaliwe, alijifunza siku hiyo, na aliniangalia ili ajue kama nimeona.

Yalikauka upesi sana. Aliyakunja vizuri, ncha kwa ncha, tulivyofundishwa na mama, akayapeleka juu mwenyewe. Mchungaji alimwombea kwa sauti iliyokatikakatika, akampa viatu vyake. Langoni Shoto alimshika fundi saa bega, akamwambia neno nisilolisikia, akaenda.

Mvua niliyoiomba ilinyesha siku iliyofuata. Ilinyesha kutwa, ikapiga mabati mpaka nyimbo za asubuhi hazikusikika, na mimi nilikaa chini ya paa nikijua inamnyeshea nani. Sikusali siku hiyo. Nilimwambia Mungu kwamba ana masihara mabaya, na nikaziba uso wangu kwa mto.

Walimkuta barazani nyuma ya soko, pale pale tulipokuwa tukilala, amekwisha kukauka. Kanisa lilimzika. Mama alisimama upande mmoja wa kaburi, mimi upande mwingine, na tulipotawanyika hakuna aliyemfuata mwenzake.

Baada ya hapo nilifua mashuka yangu mara nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya Nyumba ile. Kila nilipoyatoa, Mama Sabuni alitokea na kushika ncha ya pili bila kuombwa, na kila mara alizungusha upande usiofaa. "Mikono yangu imezeeka, binti," alisema, akiniangalia usoni bila haya. Yalianikwa yakichuruzika. Nilikaa kwenye ile ngazi nikiyangoja, ninachukia kila kitu, na jioni nikarudi kuyatandika.

Fundi saa alipona. Jambo hilo liliniuma, wala sioni sababu ya kulipamba. Alilala kwenye kitanda cha Shoto, akaimba mahali pa Shoto, vidole vyake vikatulia mpaka akatengeneza saa ya ukutani ya chumba cha kulia ambayo haikuwahi kwenda tangu tuingie. Alinisalimia kila asubuhi, nami nilimwitikia kwa kichwa tu.

Siku yake ya kumaliza alifua mashuka kama wote, akaitwa ofisini kuagana, akayaacha kwenye beseni. Ndiyo siku aliyokuja mama. Alisimama langoni na mkoba wake mdogo, amekonda, na aliponiona alitazama nyuma yangu kwanza, kisha ndipo akanitazama mimi.

"Nimekuja kukuchukua," alisema.

"Ulisema wawili, mama."

Macho yake yalikuwa yameangukia beseni. Hajawahi kuweza kuona nguo imelala majini akaiacha.

"Haya mashuka ya nani?"

"Ya kitanda cha Shoto."

Aliweka mkoba chini. Akapandisha mikono ya gauni, akainama, akalitoa shuka la kwanza na kunipa ncha.

"Shika."

Nikazungusha. Naye akazungusha, kwa kushoto, kama mikono yake ilivyojua. Shuka likazunguka lote hewani, zito, halikudondosha hata tone. Nilimwona anaitazama mikono yake, ameelewa. Nikalegeza wangu ili nibadilishe.

"Usigeuze, mwanangu," mama alisema. "Liache lizunguke kidogo."