Mtungi Uliopinduliwa

Wivu ninao, sikatai. Wengine wana kisukari, mimi nina wivu, na mwaka huu ulinipanda kwa sababu ya mashine ya barafu.

Mashine yenyewe ni ya Bwana Ravindra, mwenye duka la barafu nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Wauza juisi wa Kariakoo wengi wanamtegemea yeye. Kwa miaka kumi na tisa hakuna fundi mwingine aliyeifungua. Ikikohoa, Bwana Ravindra ananipigia, natoka zangu Magomeni na mkoba, naisikiliza kompresa, naiongezea gesi, barafu inashuka. Mtaani waliniita mume wa mashine, nami nilikuwa nacheka.

Kisha gesi yake ya kupozea, R22 ya zamani, ikaanza kuadimika. Mtungi wa mwisho niliouokota sokoni ulikuwa na kitu nisichokijua. Barafu ikagoma siku nne. Bwana Ravindra akasema waziwazi: ikishindikana wiki hii, anawaita wanunuzi wa chuma chakavu na kuagiza mashine mpya. Nikamwomba anipe muda nitafute R22 safi. Yeye akamwita fundi mwingine, Hyasinta.

Nilipofika Jumanne nikamkuta keshaifungua. Binti wa miaka ishirini na saba hivi, ovaroli imepigwa pasi. Ovaroli ya fundi, imepigwa pasi!

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," nikajibu, kwa sababu sikuwa na namna.

Siwema, anayeuza juisi ya miwa pale mlangoni, akapaza sauti: "Fundi Twaha! Umeenda kutafuta gesi, huku nyuma mkeo kaolewa!"

Watu wakacheka.

Nikakaa kwenye kreti tupu nikimwangalia, nikimwombea akosee. Hakukosea. Alipaka povu la sabuni kwenye mabomba, na nyuma kabisa, kwenye kona ambayo mkono wangu haukuwahi kufika, povu likavimba. Tundu. Kumbe miaka yote mimi naongeza gesi, na gesi inatoka. Akachomelea, akabadili filta, akawasha pampu ifyonze hewa yote. Bwana Ravindra alisimama pembeni akimtazama kama anavyowatazama wanawe. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo.

Kuhusu gesi, Hyasinta alimweleza kwa utulivu. Ipo inayofanana na ya kupikia, inapoza vizuri, lakini inawaka, na jiko la muuza mihogo liko hatua tatu tu. Ipo nyingine, ila ingelazimu kubadili oili yote ya kompresa. Akachagua ya tatu, mchanganyiko wa gesi kadhaa, unaoelewana na oili ya zamani. Nilitamani sana kupinga, nikabaki kwenye kreti yangu.

Ndipo akaupindua mtungi. Kichwa chini, miguu juu, juu ya mzani mdogo.

Nikaruka kutoka kwenye kreti. "Bosi, mzuie! Anaingiza gesi ikiwa maji. Kompresa itavunjika!"

"Nafungua kidogokidogo, mzee wangu," Hyasinta akasema. "Hii ni mchanganyiko. Mtungi ukisimama, gesi nyepesi zinatangulia kutoka, nzito zinabaki. Inayoingia siyo tena ile tuliyonunua."

"Nimeanza kujaza gesi hujazaliwa, binti. Mtungi unasimama."

Bwana Ravindra akatutazama kwa zamu. Miaka kumi na tisa si mchezo. "Mwachie mzee amalizie," akasema. Hyasinta hakubishana. Alifunga koki, akachukua mzani wake, akaaga.

Jamani, nilivyofurahi! Nikausimamisha mtungi kama nilivyosimamisha R22 maisha yangu yote. Mzani wangu mimi ni kiganja: nashika bomba linalorudi kwenye kompresa, likitoka jasho la baridi, nafunga. Likatoka jasho. Nikampita Siwema kifua mbele.

Asubuhi iliyofuata barafu ilishuka nyembamba kama maganda ya vitunguu, ikayeyuka ndooni. Wauza juisi wakairudisha. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wameshafika na mkokoteni, na Bwana Ravindra alikuwa kwenye simu akimfokea Hyasinta: "Gesi uliyochagua imeniharibia mashine!"

Nikamwacha afoke. Nilijiambia, huyu binti akishaondoka, mambo yatarudi kama zamani. Lakini mmoja wa wale watu wa mkokoteni alikuwa keshashika spana, analegeza nati zinazoishikilia kompresa. Nati nilizozikaza mimi.

Hyasinta alifika kwa bajaji. Alinisalimu vilevile, shikamoo, akainama kusikiliza, akaupima mtungi kwenye mzani kujua nimeingiza kiasi gani. Kisha akanitazama, na hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshaelewa. Alinipa nafasi niseme mwenyewe, na hilo ndilo lililonichoma.

"Gesi haina kosa," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Mtungi niliusimamisha mimi. Na sikupima."

Bwana Ravindra akanikodolea macho. "Kwa hiyo yeye anaweza kuiponya?"

Ningesema hapana, mashine ingepanda mkokoteni na Hyasinta asingeipata. Wivu uliniambia sema hapana. Yule mtu wa spana alikuwa amefika nati ya tatu.

"Anaweza," nikasema.

Hyasinta aliitoa gesi yote niliyoijaza, akaihifadhi kwenye mtungi mtupu. Akafungua mtungi mpya na kuupindua, macho kwenye mzani. Kufikia alasiri barafu ilikuwa inashuka kwa kishindo, nene, na mkokoteni umeondoka mtupu. Bwana Ravindra akachukua kitambaa chenye spiriti, akafuta namba yangu ya simu kwenye mlango wa mashine. Akaandika ya Hyasinta kwa kalamu nene, polepole, asikosee tarakimu.

Hakuna aliyenifukuza. Nilichukua kipande kimoja nikakitafuna nikiwa nimesimama pale. Kilikuwa kigumu, safi hadi katikati. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kuifanya mashine ile itoe barafu nzuri namna hiyo, na hilo bado sijamsamehe binti yule.